Farasi Aliyeishia Herufi ya Nne

Nianze na kosa langu, maana bila hilo makala haya yasingekuwepo.

Kuna mwaka nilikwenda Ukerewe kumsalimia Bibi, mama yake mama. Ulikuwa msimu wa kampeni, mwaka gani si hoja, magari ya vipaza sauti yanapita kutwa na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Mkobani nilikuwa na Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell. Bibi anasoma. Anasoma polepole, kidole chini ya mstari, midomo inacheza, lakini anasoma chochote utakachompa: Biblia, kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, karatasi ya maelezo ya dawa. Basi nikamwachia kitabu. Siku ya nne jioni tumekaa barazani tunachambua dagaa, mazungumzo yakafika kwenye siasa kama yanavyofika kila nyumba nchi hii, na mimi, msomi wa familia, nikatoa maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nasikia joto masikioni. Nilimwambia: "Bibi, yule farasi ni wewe."

Kwa ambaye hajakisoma, Boxer (natumia majina ya Orwell mwenyewe) ni farasi wa kazi mwenye nguvu kuliko mnyama yeyote shambani. Wanyama wamemfukuza binadamu, nguruwe wameshika uongozi, na Boxer amejiwekea kanuni mbili: kila tatizo atalijibu kwa kuongeza bidii, na kila asemalo kiongozi ni sahihi. Anabeba mawe ya kujengea kinu cha upepo mpaka mapafu yanamshinda. Halafu anauzwa. Gari linalokuja kumchukua halimpeleki kwa daktari kama wenzake walivyoambiwa, ni la mchinja farasi, na muda si mrefu nguruwe wanapata pesa ya kununua pombe kali. Mimi nililia pale nikiwa kidato cha pili, na sijawahi kuona aibu.

Sasa pima uzito wa nilichomwambia mwanamke wa miaka themanini na ushee. Nilimwambia kwamba ametumika, ameshukuru, na atauzwa.

Bibi hakuacha kuchambua. Akatoa kijiwe kimoja kwenye dagaa, akakitupa uani.

"Yule farasi aliishia herufi ya nne," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nilizimaliza."

Akanyanyuka na ungo wake, akaingia ndani. Hatukuzungumza siasa tena safari ile.

Nimekaa na jibu lile kwa muda mrefu. Mwanzoni nililichukulia kama kiburi cha mzee aliyeguswa pabaya. Kisha nikarudi kwenye kitabu na kukuta kwamba Bibi alikuwa amesoma vizuri kuliko mimi. Ni kweli. Wanyama walipofungua darasa la kusoma na kuandika, Boxer alishindwa kuvuka A, B, C, D. Akijifunza nne zinazofuata, anagundua zile nne za kwanza zimempotea. Akaamua atosheke na nne, na kila siku alizichora vumbini kwa kwato yake. Alipoanza kuzeeka alisema akistaafu atajifunza zile ishirini na mbili zilizobaki. Na lile gari lilipokuja, maandishi yaliyosema linakwenda wapi yalikuwa ubavuni mwake, wazi kabisa, kila mtu anayaona.

Swali ninalotaka kuliuliza hapa, swali ambalo nililiruka pale barazani kwa sababu nilidhani nina jibu, ni hili: je, mtu anaweza kudaiwa shukrani na chama? Sizungumzii chama kibaya, maana hicho hakina mjadala. Nazungumzia chama kilichokuja na neno la usawa, kikafanya mambo ya kweli, watu wakayaona kwa macho, kisha kikakaa. Kikakaa sana. Watoto wa wale waliokishangilia wamekuwa wazee na bado kipo, na kila baada ya miaka mitano kinakuja kuwakumbusha babu zao walivyokuwa kabla hakijaja. Vitabu vingi vya nchi za kubuni vinaikimbia hali hii kwa kufanya watawala wawe majitu ya kuchekesha. Orwell hakuikimbia. Nguruwe wake kwa kweli walifanya mavuno ya kwanza kuwa mengi. Lile darasa la kusoma kwa kweli lilifaulu. Hapo ndipo kitabu kinapouma.

Turudi kwa Bibi, kwa sababu yeye si wa kubuni.

Serikali ya TANU iliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha Ukerewe ikawekwa kwenye orodha fupi ya wilaya zilizotakiwa kufuta kutojua kusoma kabla 1971 haijaisha. Bibi alikuwa na miaka ishirini na kitu, watoto watatu, na shamba la pamba. Jina lake alikuwa hajui kuliandika. Akienda kuuza pamba, karani anapima, anaandika, anamwambia, yeye anaweka dole gumba. Kisomo kilifanyika chini ya mwembe, jioni, wakinamama wamebeba watoto mgongoni, mwalimu ni kijana wa darasa la saba ambaye wengine pale walimzaa au walimlea. Kitabu chao cha kwanza kilihusu pamba. Nimewahi kusikia watu wanaicheka elimu ile, eti ilikuwa ya kuwafundisha wakulima wabaki wakulima. Inawezekana. Lakini Bibi anasimulia kwamba msimu uliofuata, karani alipomaliza kuandika, yeye alinyoosha mkono akaomba stakabadhi, akaisoma palepale mbele ya foleni, mstari kwa mstari, watu wanasubiri.

Nilimuuliza: "Ulikuta wamekuibia?"

"Hapana. Hesabu ilikuwa sawasawa."

"Sasa?"

"Sasa nilikuwa najua. Kabla ya hapo nilikuwa naambiwa."

Mwaka 1975 ukaja mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo, akafaulu. Baadaye alikuwa akisubiri gazeti la Elimu Haina Mwisho lililochapwa Mwanza kwa ajili ya watu kama yeye, na likifika analisoma kwa sauti majirani wanasikiliza. Chumbani ana kopo la biskuti, kutu imekula kifuniko. Ndani yake kuna kadi ya TANU, kadi ya CCM iliyofuata baada ya TANU na ASP kuungana tarehe 5 Februari 1977, cheti cha kisomo, na ile stakabadhi ya pamba. Vyote pamoja, vimefungwa kwa uzi mmoja.

Ule uzi ndio unaonisumbua. Kwa Bibi, kadi na cheti ni kitu kimoja. Mimi nilitaka avitenganishe, na nilidhani kuvitenganisha ni kazi rahisi.

Hoja yangu ya kwanza ilikuwa ile ya vijana wote: chama hakikukupa kitu, Bibi, ulilipia. Pamba yako ilikatwa ushuru na makato kila msimu, na ukilipwa kidogo kuliko bei ya huko ilikokwenda, ile tofauti ndiyo iliyojenga shule na zahanati. Aliyekurudishia chenji yako hajakupa zawadi. Na tukiamua kutafuta wafadhili, basi tuwe wakweli: elimu ya watu wazima ya miaka ile ilisaidiwa sana na fedha za Wasweden, kwa hiyo labda Bibi alipaswa kumshukuru Olof Palme.

Nilijifurahisha kwa hoja hii kwa siku kadhaa, kisha ikaniharibikia mkononi. Wakoloni nao walikata pamba. Walikata miaka mingi na Bibi hakupata herufi hata moja. Kuna serikali nyingi tu za Afrika zilizokuwa na pamba, kahawa, shaba, hata mafuta, na wakulima wao wakaendelea kuweka dole gumba. Yaani mtu anaweza kuwa na fedha zako mikononi na akachagua kutokutendea wema. Huyu aliyechagua kukutendea, hata kama ni kwa fedha zako, amefanya jambo. Mtunza hazina mwaminifu anastahili ahsante ingawa hazina si yake. Kwa hiyo shukrani ya Bibi si upumbavu. Ilikuwa na sababu, na ina sababu hadi leo. Hapo nakubali nilishindwa.

Lakini Wasweden nimewataja nao wamenipa hoja nyingine. Chama chao cha mrengo wa kushoto wa kati, Wasoshalidemokrati, kilishika serikali kuanzia 1932 mpaka 1976, ukitoa miezi michache ya mwaka 1936. Miaka arobaini na nne. Katika muda huo nchi iliyokuwa inakimbiwa na maskini wake ikawa mfano wa dunia wa pensheni, hospitali na shule. Kama kuna watu waliokuwa na deni kwa chama, ni hao. Na mwaka 1976 wakakitoa. Hakuna aliyetangaza kwamba wamekosa adabu, hakuna aliyewauliza wamesahau walikotoka. Chama kikakaa benchi miaka sita, mwaka 1982 wakakirudisha. Maana yake wapigakura wale walijua jambo ambalo sisi tunalisema kwa shida: unaweza kumshukuru mtu kwa moyo wote na bado ukampa kazi mtu mwingine.

Hapa kwetu methali imekaa tayari kwenye ncha ya ulimi: shukrani ya punda ni mateke. Ukihama chama kilichokusomesha, wewe ni punda. Nimeisikia majukwaani, nimeisikia misibani, nimeisikia kwa wajomba zangu. Nitairudia methali hii baadaye, maana Orwell ana punda wake.

Kwanza mtumbwi. Babu yangu alikuwa mvuvi, na aliacha mtumbwi wa mbao, siyo wa gogo. Kila aliyekaa ziwani anajua mtumbwi wa mbao hauishi kutengenezwa. Ubao huu umeoza, unatolewa, unawekwa mwingine. Mwaka huu ubavu, mwakani mkuku. Nilipokuwa mdogo tuliuita mtumbwi wa Babu, na nina hakika kufikia hapo hakuna ubao hata mmoja ambao Babu aliugusa. Wanafalsafa wa Kiyunani walikuwa na meli yao ya Theseus ya kuulizia swali hili, kama chombo kilichobadilishwa mbao zote ni kilekile, na wamelijadili karne nyingi. Ziwani tunalijadili pale tu samaki wanapogawanywa. Mjomba wangu alidai fungu la mwenye chombo kwa sababu ule ni mtumbwi wa Babu na yeye ndiye mtoto wa kwanza. Sawa. Akapewa. Kisha akaja fundi mmoja mzee anadai fedha za misumari na pamba ya kuzibia nyufa, deni la tangu Babu yuko hai. Mjomba akasema, bila kupepesa macho, kwamba mtumbwi ule ni mpya, ule wa Babu ulishakwisha zamani.

Chama kilichokaa madarakani muda mrefu kinafanya kama Mjomba. Wakati wa kupokea, ni chama kilekile cha 1954, cha uhuru wa 1961, cha Azimio la Arusha la 1967, cha kisomo. Wakati wa kulipa, mambo hayo ni ya zamani, mazingira yamebadilika, wakati ule tulikuwa hatuna uzoefu. Mimi sina shida na jibu lolote kati ya hayo mawili. Shida yangu ni kupewa yote mawili na mtu mmoja siku moja.

Kwa sababu ukirithi kisomo, umerithi na Operesheni Vijiji. Mwisho wa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi kwenye vijiji vya ujamaa si hiari tena, ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, wengine nyumba zao zikivunjwa ili wasirudi. Ni serikali ileile, miaka ileile, mara nyingine mabwanashamba walewale na makatibu walewale. Euphrase Kezilahabi, ambaye naye ni mtoto wa Ukerewe, aliliandika hili katika Gamba la Nyoka mwaka 1979, akabuni vijiji vya Kisole na Bucho ili aweze kusema alichotaka kusema. Ukisoma riwaya ile baada ya kumsikiliza Bibi unachanganyikiwa, na nadhani kuchanganyikiwa ndiko kunakofaa. Mkono uliomshika mwanamke kidole kumfundisha herufi ndio uliosukuma mwingine ndani ya lori. Huwezi kuukata ukabaki na kiganja tu.

Kuna mtu atasema: basi shukrani na lawama zikatane, tuanze upya. Sioni hivyo. Herufi za Bibi hazikumlipa fidia aliyevunjiwa nyumba Dodoma, na machozi ya yule hayafuti cheti cha Bibi. Ni vitabu viwili vya hesabu, na kila kimoja kinabaki wazi.

Kezilahabi alikuwa na picha nyingine ninayoipenda zaidi, ingawa watu wanaikumbuka kwa kicheko tu. Katika tamthilia ya Kaptula la Marx, iliyokaa miaka mingi baada ya kuandikwa hadi ilipochapishwa mwaka 1999, Rais Kapera anavaa kaptula la Marx ambalo kwake ni kubwa mno, na msafara unaanza kwenda nchi iitwayo Usawa. Tunacheka kaptula linalopwaya. Nami nimecheka. Ila jiulize: ingekuwa bora Kapera avae suruali iliyomkaa vizuri, iliyoshonwa kwa kipimo chake? Wapo watawala wengi waliovaa nguo inayowakaa vyema kabisa. Hawakuahidi usawa, kwa hiyo hawakudaiwa usawa. Aliyevaa kaptula kubwa angalau amekupa kipimo, kila mtu anaona nafasi iliyobaki kati ya kiuno na mkanda. Chama kinachohubiri usawa na hakiufikii ni kinafiki, ndiyo, lakini unafiki wake unampa mkulima maneno ya kukishtakia. Ndiyo maana kule shambani kwa Orwell nguruwe walihangaika na zile amri ukutani, wakazibadilisha usiku moja baada ya nyingine. Amri isiyouma mtu haina haja ya kubadilishwa.

Sisi nasi tulikuwa na amri zetu. Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye makampuni, kuwa na mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar na masharti hayo yakalegezwa. Nisieleweke vibaya, kile kilikuwa kikao halali cha watu wazima, si ngazi ya usiku na ndoo ya rangi. Na yapo mengi ya kusema kuhusu jinsi masharti yale yalivyowabana watu waaminifu huku wajanja wakiandikisha mali kwa majina ya shemeji zao. Lakini muulize mtu wa kawaida aliyekuwa mtu mzima mwaka ule kama aliulizwa. Kaptula lilipunguzwa kiuno, na wenye kipimo chao cha zamani hawakuitwa kwa fundi.

Sasa niseme juu ya mama. Wengi wanakumbuka Mwalimu Nyerere alivyosema miaka ya mwisho kwamba CCM si mama yake. Aliyesema hivyo ndiye aliyekizaa, ukipenda, na ndiye aliyekiandikia kitabu kizima cha lawama, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Huwa tunanukuu kauli ile kama kijembe, tunasahau kwamba ina hoja nzito ya kimaadili. Deni kwa mama halilipiki kwa sababu mama hakukupa kitu, alikupa wewe. Kabla yake hukuwepo ili upewe. Ndiyo maana hatumpigi mama kura. Lakini chama kilimkuta Bibi yupo. Alikuwa mtu, ana akili, ana shamba, ana watoto watatu, na kama kisingekuja angebaki mtu, mtu asiyesoma. Hicho kilichokuja kikamkuta ni mgeni mwema, ni jirani, labda ni mwalimu. Mwalimu mzuri anastahili heshima mpaka kaburini. Hastahili kukaa nyumbani kwako na kukuchagulia chakula.

Na hapa ndipo ninapoona kosa la Boxer, ambalo si lile nililomrushia Bibi. Kuna tukio dogo kitabuni ambalo nililipita mara mbili tatu. Siku ya ile mauaji ya hadharani, mbwa wa Napoleon wanamrukia Boxer. Anamdaka mmoja hewani, anamkandamiza chini kwa kwato. Mbwa analia. Boxer angeweza kumponda. Badala yake anainua macho kumtazama Napoleon, aambiwe amponde au amwachie. Anaambiwa amwachie, anamwachia. Hakuna nguvu shambani iliyomzidi, na aliomba ruhusa. Shukrani yake ilikuwa imegeuka kuwa hiyo: kuuliza kiongozi anataka nini kabla ya kujua mwenyewe anaona nini. Alipokuja kuamka yuko ndani ya lile gari, alijaribu kuvunja ubao kwa mateke, wenzake wakasikia vishindo vya kwato zake, vikazidi kufifia, vikakoma. Miaka ya nyuma mateke machache tu yangeligeuza gari lile kuni.

Basi ile methali ya punda. Shambani kwa Orwell kuna punda kweli, Benjamin, ambaye anasoma sawasawa na nguruwe yeyote lakini hasomi, kwa sababu anaona hakuna cha maana cha kusomwa. Anajua kila kinachoendelea. Amri zinabadilishwa yeye yupo. Hampigi nguruwe yeyote teke. Siku anayopelekwa rafiki yake ndipo anafungua mdomo, anawasomea wenzake maandishi ya ubavuni mwa gari wakati gari limeshakuwa tayari kuondoka. Tumejizoesha kumwogopa punda anayepiga teke. Kitabu kile kinanifanya nimwogope yule anayejua kusoma na ametulia, ana maneno makali mfukoni, anasubiri msimu wa likizo aende kumtolea bibi yake barazani.

Ndiyo, najua nimefika wapi.

Maana tuulizane: nikiwa nimesoma vitabu vyote hivi, nilisema nini na wapi? Kazini, vikao vilipoitishwa kupongeza, nilipongeza. Kwenye kundi la simu la ukoo niliweka picha za kuchekesha. Ukali wangu wote niliuhifadhi kwa ajili ya mwanamke mmoja mzee, kwa sababu alikuwa hawezi kunifanya chochote. Halafu nikamwita yeye farasi.

Miezi kama minne baadaye Bibi akapiga simu. Hakugusia lile jambo. Alisema kitabu amekimaliza mara mbili, kinasikitisha, na kama nina kingine nimpelekee, "ila kisiwe cha wanyama." Nikampelekea Rosa Mistika. Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, mwaka uleule ambao Bibi alikuwa chini ya mwembe, na inaanzia Namagondo, kijiji cha mwandishi, ambacho Bibi anakifahamu. Wakati fulani ilizuiwa shuleni. Sikumwambia hilo, nikaogopa asije akaikataa, halafu nikajiona mjinga nikamwambia. Akasema kumbe, akaifungua palepale.

Safari hiyo nilimwomba radhi. Nilijiandaa na maneno mengi, nikafika nusu akanikatiza.

"Mume wangu, ulidhani nimekasirika kwa sababu umekisema vibaya chama?"

"Si ndivyo?"

"Nilikasirika kwa sababu ulidhani hujui tu nani nampigia, ukadhani unajua."

Nikamuuliza basi anampigia nani. Akanitazama kama ninavyodhani alivyomtazama yule karani wa pamba.

"Kura ni siri. Hukufundishwa shule?"

Kopo la biskuti lilikuwa juu ya kabati, uzi bado umefungwa. Sikuomba kulifungua. Nilikaa mlangoni nikamwangalia anavyosoma, kidole kinatembea, na alipofika kwa Zakaria, baba yake Rosa, akaguna, akasema huyu anamjua, na akataja mtu wa kijijini ambaye sitamtaja hapa. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa. Nikataka kumuuliza kitu kingine kuhusu ile stakabadhi.

"Sogea kidogo," akasema bila kuinua macho, "unanizibia mwanga."